Nimeitazama The Green Knight mara mbili, bado namdai muongozaji kicheko

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuitazama kwenye simu, mchana, dirisha likiwa wazi. Nusu saa nzima nikawa naiona sura yangu kwenye kioo kuliko ya Gawain, shujaa wa filamu. Filamu hii ina giza: vyumba vya mishumaa, misitu ya ukungu. Mara ya pili nikasubiri usiku, nikaazima tivii ya kaka, nikazima taa. Hapo ndipo nilipoiona.

Kwa asiyeijua: ni ya mwaka 2021, muongozaji ni David Lowery, saa 2 na dakika 10. Siku ya Krismasi Mfalme Arthur, yule wa hadithi za kale za Uingereza, yuko mezani na manaiti wake, wale wapanda farasi walioapishwa. Linaingia jitu la kijani, ngozi kama gome la mti, na lina mchezo wake: anayeweza anipige, mwaka ukitimia nami nimrudishie pigo lilelile. Gawain, mpwa wa mfalme, analikata kichwa. Jitu linaokota kichwa chake, linapanda farasi, linaondoka likicheka. Kijana anabaki na mwaka wake mmoja.

Mimi nimekulia kwenye kibanda umiza, filamu za mapanga zinakuja na mtafsiri anayepiga kelele kuliko waigizaji, kwa hiyo naiti kwangu ni mtu wa kupigana. Ukiisubiri vita hapa utamaliza bando bure. Uwanja wa vita upo, ila vita imeshakwisha, maiti wametapakaa na kijana mmoja anawapekua. Huyo na wenzake ndio wanaompora Gawain farasi na shoka, wanamwacha amefungwa kamba msituni. Kamera inazunguka polepole, duara zima, ikirudi kwake inakuta mifupa. Inazunguka tena, na yu hai, anajikokota kuufuata upanga wake akate kamba. Kipande hicho nilikirudia mara tatu.

Dev Patel, anayemcheza Gawain, anaibeba filamu kwa macho tu. (Wazazi wake walizaliwa Nairobi, kwa hiyo nilikuwa upande wake hata kabla hajafungua mdomo.) Alicia Vikander anacheza wanawake wawili, mpenzi wa mjini na mke wa mwenye kasri, nami ilinichukua muda kugundua ni mtu mmoja.

Baada ya hapo nikalitafuta shairi ambalo filamu imetokana nalo, kwa Kiingereza cha kisasa. Ni la mwishoni mwa karne ya 14, mtunzi hajulikani, na limesalia katika mswada mmoja tu, uliohifadhiwa British Library, London. Beti 101, mistari 2,530. Aliyezoea tenzi atashangaa kidogo: mistari mirefu haina vina, inagonganisha sauti za mwanzo wa maneno, na vina vinakuja kwenye vijistari vitano vifupi vya kufungia ubeti.

Deni langu na Lowery lilianzia hapo. Gawain wa shairi tayari ni naiti mwenye jina. Mwenye kasri anakofikia njiani anakubaliana naye: nikienda kuwinda nitakupa nilichopata, nawe utanipa ulichopata humu ndani. Siku tatu mke wa mwenyeji anamjaribu, na kila jioni Gawain anamlipa mume busu zilezile alizopewa. Mshipi wa kijani aliopewa na mke huyo, unaosemekana humkinga mtu asiuawe, huo anauficha. Jitu linapomrudishia pigo, kwa sababu ya uongo huo linamchanja kidogo tu shingoni. Anarudi kwa Arthur amejaa haya, mshipi ameuvaa kama alama ya kosa lake. Baraza linamsikiliza, linaangua kicheko, kisha wote wanakubaliana kuvaa mshipi wa kijani. Yaani wamemfichia aibu yake kwa kuivaa wao. Nilicheka peke yangu kitandani.

Filamu imelitupa hilo. Gawain wake ni mlevi ambaye hata unaiti hajaupata, na mwisho anaukabili peke yake. Sitasema unakwendaje, ila kuna muda mrefu karibu bila neno ambapo anayaona maisha yatakayomfuata akikimbia, na sijaona hofu ikionyeshwa vizuri kuliko hapo. Ni kazi kubwa, lakini ya baridi. Ukitaka urafiki, tafuta tamthilia ya Merlin ya BBC, misimu 5 kuanzia 2008, ingawa majoka yake ya kompyuta yanachekesha. Ukitaka mng'aro, Excalibur ya John Boorman, 1981, ambako deraya, yale mavazi ya chuma ya vita, hazivuliwi hata kitandani.

Nyota 4 kati ya 5. Na majina yakianza kupita msizime: mwishoni kabisa kuna mtoto wa kike anayeokota taji sakafuni na kulivaa. Mara ya kwanza mimi nilikuwa nimeshaenda kupasha wali.