Balbu za H4 kwa Probox: ya wati 60/55 bado ndiyo ya kununua

Balbu ya H4, ile ya taa kubwa za mbele, ina nyuzi mbili ndani ya kioo kimoja: wati 60 za fulu na wati 55 za dimu. Chini ya uzi wa dimu kuna kikombe kidogo cha chuma kinachozuia mwanga usipande machoni mwa anayekuja mbele. Kikague hicho kabla ya kutoa pesa. Kwenye balbu za bei ya kutupa mara nyingi kimekaa upande au uzi umepinda, na hapo utazungusha skrubu za taa mpaka uchoke, mwanga haunyooki. Muuzaji kuiwasha kwenye betri ya dukani kunaonyesha tu kwamba haijaungua.

Za kawaida za Philips na Osram zinastahili bei yake. Matoleo yao ya mwanga mwingi, X-tremeVision na Night Breaker, yanaangaza mbali zaidi, ila uzi wake hufanya kazi kwenye joto kali zaidi na hufa mapema. Kwa gari linalosafiri kila usiku ni hasara. Zenye kioo cha bluu tunaziacha dukani, maana rangi ile ni chujio na inakula mwanga uliolipia. Za wati 100/90 ndizo mbaya kuliko zote: uzi wa dimu wa wati 55 huvuta kama ampea 4.6 kwa volti 12, wa wati 90 huvuta 7.5. Nyaya za kiwandani hazikupangiwa mzigo huo. Plagi huanza kubadilika rangi, kisha inayeyuka. Bila rilei (swichi ya umeme inayobeba mzigo wa taa) na nyaya nene, usizifunge.

LED za kuchomeka penye H4 zina mvuto, lakini chipu zake zisipokaa palepale ulipokuwa uzi, mwanga husambaa: kwako unaonekana mweupe na mwingi, kwa wenzako ni kero. Tena nyingi zina feni nyuma, mpira wa vumbi haufungi vizuri, na masika yakianza taa inajaa maji.

Kubadilisha ni kazi ya dakika chache. Zima taa, acha zipoe. Chomoa plagi kwa kuitikisa huku umeshika plastiki yake, si nyaya. Vua mpira, bonyeza klipu ya waya kwa ndani na uisogeze pembeni, toa balbu. Mpya ishike kwenye chuma tu. Mafuta ya kidole yakibaki kwenye kioo, sehemu ile hupata joto kupita kiasi na kioo huvimba au kupasuka. Ukiigusa kwa bahati mbaya, ifute kwa spiriti. Sikio pana la kitako likae juu. Ikikataa kukaa, usilazimishe, umeigeuza. Rudisha mpira mpaka ubane vizuri kuzunguka pini zote tatu, maana hapa ndipo mafundi wenye haraka huharibu taa. Badilisha zote mbili pamoja.

Kisha simamisha gari mita 5 kutoka ukutani, mahali tambarare, uwashe dimu. Mstari wa juu wa mwanga uwe chini ya kimo cha katikati ya taa kwa takribani sentimita 5, na upande wa kushoto uinuke kidogo.

Kama balbu mpya nayo inafifia, usirudi dukani kugombana. Pima volti kwenye plagi yenyewe, injini ikiwaka na taa zikiwa zimewashwa. Zikipungua kwa asilimia 10, mwanga hupungua kama asilimia 30. Angalia kutu kwenye waya wa athi (unaorudisha umeme kwenye bodi) na pini nyeusi za plagi. Volti zikizidi hali ni kinyume: asilimia 5 tu juu ya kiwango hukata maisha ya balbu karibu nusu, kwa hiyo gari linalounguza balbu kila mara linahitaji kukaguliwa chaji ya alteneta kwanza.