Kamera ya kununua ukitaka picha zenye sura ya filamu bila kuediti: ipi kwanza, ipi baadaye

Jibu fupi kwa mwenye haraka: tafuta Fujifilm X-T30 II iliyotumika lakini ikatunzwa. Kama kazi yako ya kila wiki ni harusi na sendofu, ruka hadi Nikon Z50II. Mtu wa mitaani anayetaka kitu cha mfukoni achukue Ricoh GR III. Sony na Canon zinafuata nyuma. Na kama tayari una Canon kabatini, shika hela yako kwanza, usome namba tano.

Ninapozipanga hivi, kigezo changu kikubwa hakimo kwenye vipeperushi vya watengenezaji. Ni ngozi zetu. Filamu za rangi ambazo kamera hizi zinaziiga zilipimwa zaidi kwa ngozi nyeupe. Maabara zilizosafisha picha za Kodak zililinganisha rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, maarufu kwa jina la kadi ya Shirley, na kwa miaka mingi mtu mweusi alitoka atakavyotoka. Resipi nyingi za mipangilio zinazosambazwa mtandaoni leo zina kasoro hiyo hiyo: zimejaribiwa chini ya mawingu ya Ulaya, kwa nyuso za huko. Ichukue moja kama ilivyo, umpige nayo bibi harusi Bagamoyo saa nane mchana, uone. Uso unapauka kama hakupaka mafuta, na chini ya macho panabaki weusi mtupu.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza kamera ina majina mangapi ya filamu, ninauliza mengine. Je, WB yake (white balance, mizani ya weupe inayoamua joto la rangi) inasogezwa kuelekea wekundu na manjano kwa hatua ndogo ndogo? Vivuli vinaweza kulegezwa bila kugusa sehemu zenye mwanga mkali? Nikishapata mpangilio mzuri, ninauhifadhi wapi? Na nikikosea, kamera yenyewe inaweza kuisafisha upya faili ya RAW (picha ghafi, kabla ya kuchakatwa) bila kompyuta?

1. Fujifilm: X-T30 II, au X-T20 kwa mfuko mdogo

Kampuni hii imekuwa kwenye filamu tangu 1934, na Provia, Velvia, Astia na Acros unazoziona kwenye menyu ni majina ya filamu zake halisi. Classic Chrome, iliyoingia mwaka 2014, haina filamu ya Fuji nyuma yake. Wengi wetu tunaiona kama mkono wa heri kwa Kodachrome, ambayo Kodak iliacha kuitengeneza 2009. Classic Neg. ilikuja na X-Pro3 mwaka 2019, na ndiyo inayoimbwa zaidi mitandaoni.

Majina hayo ni mapambo tu. Kilichoiweka Fuji juu ni uhuru wa kurekebisha: mwanga mkali peke yake, vivuli peke yake, kiasi cha rangi, ukali, chembechembe za filamu, na WB inayosogea hatua tisa kila upande, kwa wekundu na kwa bluu. Ukipiga RAW pamoja na JPEG, unaweza kukaa kwenye daladala ukaisafisha upya picha hiyo hiyo kwa Acros, kisha kwa Astia, ndani ya kamera.

Kwa watu wa rangi yetu kwenye jua, mimi huanzia hapa: Classic Chrome, DR400 (naieleza hapa chini), WB ya jua, wekundu +3 na bluu -4, mwanga mkali -1, vivuli -2, rangi +2, ukali -2, kupunguza kelele -4, chembechembe kiasi kidogo. Kipimo cha mwanga kiongeze theluthi moja hadi theluthi mbili ya hatua. Kila namba hapo ina kazi. Classic Chrome hupunguza rangi na kukaza vivuli, na hapo ndipo ngozi inapopaukia. Kwa hiyo vivuli vinalegezwa mpaka -2 na WB inarudisha joto usoni. Kelele inaachwa ibaki kwa sababu kamera ikiisafisha sana, uso unakuwa wa plastiki.

DR400 inataka maelezo zaidi, kwa sababu ndipo wanunuzi wapya wanapodhani kamera ni mbovu. Inafanya kazi kwa kuipiga picha iwe na giza kidogo ili mawingu na shela visiungue, halafu inainua vivuli. Ili ipate nafasi hiyo, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) lazima ipande: 800 kwa X-T20, 640 kwa X-T30 na X-T30 II. Sasa piga hesabu ya jua la saa saba. Kwa ISO 800 na tundu la lenzi f/8, shata inatakiwa kuwa 1/3200 ya sekunde. Ukifungua lenzi mpaka f/5.6 unahitaji 1/6400, na shata ya kawaida ya kamera hizi inaishia 1/4000. Picha inatoka nyeupe, unamlaumu muuzaji. Ama baki f/8, ama washa shata ya kielektroniki inayofika 1/32000, ukijua kwamba bodaboda inayopita mbele itatoka imepinda.

Kwa nini II na si X-T30 ya kawaida, wakati kihisi, yaani kinachonasa picha, ni kile kile cha megapikseli 26? Kwanza ina Classic Neg. Pili, na hili ndilo lenye uzito, inahifadhi msogeo wa WB ndani ya kila nafasi ya C1 hadi C7. X-T20 na X-T30 hazifanyi hivyo. Zinakumbuka msogeo mmoja kwa kila aina ya WB. Ukiwa na hizo, ipe kila resipi WB yake: moja ikae kwenye jua, nyingine kwenye kivuli, ya tatu kwenye taa. Inachosha kuipanga mara ya kwanza, baada ya hapo unasahau.

Classic Neg. yenyewe naitumia kwa mitaa, kuta na magari ya zamani. Kwa nyuso ninaiogopa, maana vivuli vyake vinaelekea kijani, hasa ndani ya ukumbi wenye taa za mirija.

Kuhusu zile mpya: X-M5 na X-T50, zote za 2024, zina gurudumu la filamu juu ya mwili wa kamera na zina Nostalgic Neg., iliyoigwa kutoka picha za rangi za Wamarekani wa miaka ya 1970. Vivuli vyake ni vya kahawia, na kwa macho yangu hakuna mpangilio wa kiwandani unaoipenda ngozi nyeusi kuliko huu. X-M5 ilitoka kwa dola 799 bila lenzi, ila haina kioo cha kuchungulia. Mchana kweupe utakuwa unaikinga skrini kwa kiganja. X100VI je? Kamera nzuri, lenzi moja isiyobadilishwa, dola 1,599 ilipotoka, na kelele nyingi za mitandao juu yake. Kwa fedha hiyo mimi ningenunua mwili uliotumika, lenzi ya 35mm f/2 na betri tatu za akiba.

Kasoro ya Fuji huku kwetu ni lenzi. Dar au Nairobi, ukikwama Ijumaa usiku kabla ya harusi, utampata wa kukuazima lenzi ya Canon au Sony. Ya Fuji utaitafuta sana.

2. Nikon Z50II, na Zf kwa mwenye nazo

Z50II ilitoka mwishoni mwa 2024 na ina kitufe maalum cha Picture Control, mipangilio ya rangi ya Nikon. Unakibonyeza na picha inabadilika mbele ya jicho lako. Inaweza pia kushusha resipi bure kupitia Nikon Imaging Cloud ukiiunganisha na Wi-Fi, na nafasi za kuhifadhi za kwako ni tisa. Ina kioo cha kuchungulia, ina flashi yake, na RAW inasafishwa ndani ya kamera.

Ngozi ndiyo sababu ya kuipa nafasi ya pili. Mpangilio wa picha za watu, ukipunguziwa kidogo utofauti wa mwanga na giza na WB ikisogezwa kuelekea manjano, unatoa rangi tulivu inayokaribia filamu za zamani za studio. Haitakupa utamu wa Classic Chrome, lakini mteja wa sendofu hataki Classic Chrome, anataka mama yake aonekane kama mama yake. Mwili wenyewe hauna kitulizaji cha mtikisiko, kwa hiyo angalia lenzi iwe nacho. Wenye lenzi za zamani za Nikon wakumbuke kwamba zile za AF-D hazitafokasi zenyewe hata ukiweka FTZ, adapta ya Nikon ya kufungia lenzi za zamani.

Zf ya 2023 ni fremu kamili (kihisi chenye ukubwa wa mkanda wa 35mm) na ina swichi ya kuhamia nyeusi na nyeupe. Kwa anayependa picha za aina ya Capital Art Studio ya Mji Mkongwe, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, swichi hiyo ni kishawishi kikubwa. Bei nayo ni kubwa: dola 1,999 ilipotoka.

3. Ricoh GR III

Inaingia mfuko wa suruali na haimtishi mtu sokoni. Mpangilio wake wa Positive Film hauhitaji kuguswa sana: rangi nzito, utofauti mkali, mfano wa filamu ya slaidi. Bluu ya bahari na mbao za mashua zinatoka vizuri mno. Kwa nyuso, punguza utofauti hatua moja au mbili, usogeze WB kuelekea manjano. Lenzi ni pana, sawa na 28mm, kwa hiyo itabidi umkaribie mtu. GR IIIx ina 40mm, nami kwa picha za watu ningechukua hiyo.

Lakini ujue unachonunua. Betri inaisha kwa picha kama 200. Haijazibwa dhidi ya vumbi, na vumbi likishaingia kwenye kihisi huwezi kufungua lenzi ukapuliza. Kwa anayeishi Dodoma au Garissa, hilo peke yake linatosha kumfanya aghairi.

4. Sony

Kama unazo lenzi za Sony kwa kazi ya video, usihame. Kama huna, usiingie Sony kwa ajili ya sura ya filamu. Hakikisha angalau mwili una Creative Look (mipangilio mipya ya rangi ya Sony), mfano A7 IV, A6700 au ZV-E10 II. A6400, A7 III na ZV-E10 ya kwanza zina Creative Style ya zamani, yenye mambo machache ya kurekebisha. Kwenye Creative Look anzia mpangilio wa FL: ongeza kule kufifisha weusi kwa hatua mbili, pandisha vivuli, peleka WB kuelekea manjano. Picha inapendeza. Tatizo ni kwamba kamera hizo hazisafishi RAW ndani yake, hivyo ukikosea mpangilio, kazi inarudi kwenye kompyuta, ambayo ndiyo uliyokuwa unaikimbia.

5. Canon uliyonayo

Namba tano kwa anayenunua, lakini kwa anayemiliki tayari iwe ya kwanza. 600D, 700D na 80D zina nafasi tatu za Picture Style (mpangilio wa rangi wa Canon) yako mwenyewe. Chagua Neutral, utofauti -2, rangi +1, ukali mdogo. Nenda kwenye msogeo wa WB, peleka hatua nne kuelekea kaharabu na moja kuelekea magenta. Washa kinga ya mwanga mkali, ambayo itaanzisha ISO kwenye 200. Piga saa kumi na moja jioni kwa lenzi ya 50mm f/1.8. Chembechembe hutapata, kwa sababu Canon hizo haziziweki, ila rangi itakuwa jirani kabisa na ya mkanda. Mwenye kompyuta anaweza kuchora mkunjo wake wa mwanga na vivuli kwenye programu ya Picture Style Editor na kuupakia kwa waya. Ukiridhika, hela yako inunue lenzi.

Wale wanaouziwa kamera ndogo za zamani za "CCD" kwa bei ya kuruka, wakiambiwa kihisi hicho ndicho filamu: hapana. Rangi inatokana na namna kamera inavyochakata picha na flashi inavyopiga usoni. Nunua kwa bei ya mtumba, basi.

Kabla ya kutoa hela

Ukinunua mtumba kutoka Japani, washa kamera ukague lugha. Sony zilizouzwa kwa soko la Japani huwa na menyu ya Kijapani pekee, na hakuna fundi wa mtaani wa kuibadilisha. Kwa lenzi zilizokaa pwani, Tanga mpaka Lamu, mulika tochi ya simu kupitia kioo utafute nyuzi za kuvu. Piga ukuta mweupe kwa f/16 uone madoa ya kihisi. Fuji za X-T20, X-T30, X-M5 na X100VI zote hutumia betri ya NP-W126S, kwa hiyo betri mbovu si sababu ya kukataa mwili mzuri. Ni sababu ya kuteremsha bei.

Kisha mjaribu muuzaji mwenyewe. Mweke nje mlangoni, nusu kivuli nusu jua, weka mpangilio unaoutaka, piga JPEG moja. Uso wake ukitoka umepauka na hakuna msogeo wa WB unaousaidia, mrudishie. Picha ya kumwonyesha mwenzako kabla ya kulipa itume WhatsApp kama dokumenti, maana ikitumwa kama picha ya kawaida chembechembe zote zinasagwa, na mtabishana juu ya kitu ambacho hakuna aliyekiona.