Karata za kukadiria kazi ya programu: zinunue kwa ajili ya ubishi, si kwa ajili ya tarehe

Wenye haraka wachukue hukumu hapa hapa. Pakiti hii ni ya karata zenye nambari, ambazo kila mwanatimu hutumia kutoa kadirio lake la ukubwa wa kazi. Ukiinunua ukitumaini itakwambia mradi utaisha lini, utajuta. Ukiinunua ili timu ibishane mapema, kabla ya mtu kuandika hata mstari mmoja wa msimbo, utaridhika nayo kama nilivyoridhika mimi.

Naongoza timu ya wasanidi programu watano. Pakiti ina seti nne za rangi tofauti, kila mtu na seti yake, maana yake sisi tulilazimika kuchukua pakiti mbili na seti tatu zikabaki droo. Karatasi yake ni ngumu, haijipindi, ila bluu na kijani zinakaribiana mno. Kwenye taa hafifu hujui ipi ni ya nani. Nambari zake ni 0, ½, 1, 2, 3, 5, 8, 13, 20, 40 na 100. Kuna karata ya alama ya kuuliza kwa ambaye hajaielewa kazi, na ya kikombe cha kahawa kwa ambaye amechoka na anataka mapumziko. Hiyo ya kahawa nilidhani ni mzaha wa mchapishaji, kumbe ndiyo iliyotangulia kuchakaa.

Nambari hizo hazikupangwa ovyo. Kuanzia 1 hadi 13 zinafuata mfuatano wa Fibonacci, ambao kila nambari ni jumla ya mbili zilizoitangulia, halafu zinauacha. Iliyostahili kuwa 21 imefanywa 20, kwa sababu anayesema ishirini na moja anajifanya amepima, na kwa kazi kubwa kiasi hicho hakuna aliyepima. Kadiri kazi inavyokuwa kubwa, ndivyo pengo kati ya karata moja na inayofuata linavyopanuka. Hamwezi kukaa nusu saa mkigombania 14 au 15, kwa kuwa hazipo.

Utaratibu huu, unaoitwa Planning Poker, aliubuni msanidi programu James Grenning mwaka 2002, kisha mwenzake wa fani hiyo, Mike Cohn, akaueneza. Unachezwa hivi: kazi moja inasomwa kwa sauti, maswali yanaulizwa, kila mmoja anachagua karata na kuiweka kifudifudi, halafu zote zinafunuliwa kwa pamoja. Kufunua kwa pamoja ndiko unakolipia. Bila hivyo, msanidi mwenye uzoefu akishatamka "siku tatu", mgeni aliyekuwa na kumi kichwani anazimeza, naye wa siku moja anapandisha ili asionekane mjuaji. Jibu la kwanza linawavuta wote waliobaki.

Nitoe mfano wa kazi iliyonifanya niziamini. Ilikuwa moja ya zile ndogo kabisa: mtumiaji aliyesahau nywila atumiwe kiungo kwa barua pepe, abadilishe. Tulipofunua, mezani palikuwa na 2, na 3, na 3, na 5, na 13. Watu wakacheka. Sheria ni kwamba wa chini kabisa na wa juu kabisa wanajieleza kwanza. Wa 2 alieleza kwamba mfumo tunaoutumia unayo tayari sehemu hiyo, ni kuiwasha na kubadilisha maneno ya ujumbe. Alikuwa sahihi. Wa 13 akaanza kuhesabu vidole. Kiungo lazima kife baada ya muda, na kikitumika mara moja kisitumike tena. Aliyebadilisha anwani ya barua pepe anafanyaje? Anayeomba viungo mia kwa dakika anazuiwa wapi? Ukurasa usitamke kwamba anwani fulani haipo kwenye mfumo, la sivyo mdukuzi atautumia kujua nani ni mteja wetu. Na barua zetu zenyewe, alimalizia, nyingi huishia kwenye folda ya taka. Hakuna aliyecheka tena.

Raundi ya pili wanne walitoa 8 na mmoja 5. Sikuijali sana ile 8. Nilichojali ni ile orodha ya mambo matano, ambayo bila karata ingejitokeza moja moja, kila moja ikiwa na ule usemi tunaoujua sote: "imebaki kidogo tu." Tom Cargill wa Bell Labs, maabara ya utafiti ya Marekani, aliwahi kutania kwamba asilimia 90 ya kwanza ya msimbo hula asilimia 90 ya muda, na asilimia 10 iliyobaki hula asilimia 90 nyingine. Ile orodha ndiyo asilimia 10 yenyewe, imeonekana kabla ya kazi kuanza.

Sasa kasoro, na nyingine si ndogo.

Karata zinapima jasho, hazipimi kungoja. Tulikuwa na kazi ya kuunganisha malipo, wote tukatoa 3 bila ubishi, na kwa jasho ilikuwa 3 kweli. Lakini kampuni ya malipo ilichelewa kutupa funguo za majaribio, yaani misimbo ya siri ya kuujaribu mfumo wao, zilipofika zikawa za akaunti nyingine, na wakati huo mabadiliko yetu yalikuwa yamekaa yakisubiri mtu wa kuyakagua. Kwenye kalenda kazi hiyo iliipita ile ya nywila kwa mbali. Hakuna karata ya "tunamsubiri mtu asiyekuwepo chumbani," na kwa miradi niliyopitia mimi, hapo ndipo muda mwingi unapopotelea.

Kasoro ya pili si ya karata, ni ya mameneja. Pointi, yaani nambari ya karata, si saa. Ni ukubwa wa kazi ukilinganishwa na kazi nyingine ambayo timu hiyo hiyo imeshaifanya. Siku meneja atakapoandika ubaoni kwamba pointi moja ni saa nne, funga pakiti. Wiki hiyo hiyo 3 zote zitageuka 5, kila mtu akijikinga, na mwisho wa mwezi timu itaonekana imeongeza kasi huku ikitoa kazi ile ile. Mtindo huo nimeuona kwenye timu mbili tofauti na sijaona anayeuponya.

Tena karata haziondoi matumaini ya pamoja. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky waliliandika tatizo hilo mwaka 1979: mtu anayepanga huitazama kazi iliyo mbele yake na kusahau zilizopita. Mwaka 1994 wanasaikolojia wengine, Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross waliwauliza wanafunzi watamaliza tasnifu zao lini. Wastani wa makadirio ulikuwa siku 33.9. Walipoambiwa wafikirie kila kitu kikiharibika kadiri kinavyoweza, wakasema 48.6. Halisi ikawa 55.5. Soma tena hiyo namba ya katikati. Watu watano wenye matumaini sawa watafunua karata zinazofanana, watapongezana kwa kukubaliana, na watachelewa pamoja. Dawa ya hilo haimo kwenye pakiti: ni daftari la kazi mlizomaliza, ukubwa mliokadiria, siku iliyoanza na siku iliyofika kwa mtumiaji. Sisi tunalo, na ahadi ya tarehe kwa mteja huwa naitoa humo. Karata nazitumia kujua kazi mpya inafanana na ipi kati ya zile za zamani.

Zipo pia programu za bure za mtandaoni zinazofanya kazi hii, na kwa timu iliyotawanyika hakuna namna nyingine. Nimezijaribu. Tatizo langu ni kwamba nyingi huonyesha wastani mara tu kura zinapofunuliwa. Ile 2 na ile 13 zinayeyuka, skrini inaandika 5.2, mtu anasema "basi tuweke 5," na ubishi wote tulioutaka umekufa. Ukiweza kuzima wastani, uzime.

Nani asinunue? Msanidi anayefanya kazi peke yake, bila shaka. Hana wa kumfunulia. Timu ambayo mkubwa wake ndiye anayeamua tarehe kabla ya kikao, vilevile. Na wawili tu wanaweza kuulizana kwa mdomo. Kwa watu watatu hadi wanane zinafaa. Wakizidi hapo kila kazi inakula muda wa kikao kizima.

Kabla ya kutoa pesa, kateni karatasi za kawaida, andikeni nambari kwa kalamu nene, mchukue kazi tano za wiki ijayo mjaribu. Mkiona 40 au 100 mezani, msiijadili. Irudisheni kazi hiyo kwa aliyeiandika, aikate vipande kwanza.