TAHADHARI: Wakala anakukatia bima ya vitu vya ndani, kisha anaifuta bila wewe kujua

Ndugu zangu, uwe mpangaji au mwenye nyumba, soma hii kabla hujamtumia mtu pesa ya bima ya vitu vya ndani. Kuna mtu anajitambulisha kama wakala wa kampuni kubwa ya bima. Anaingia kwenye makundi ya simu ya majirani na ya makazini, anaweka tangazo lenye nembo ya kampuni, halafu anamfuata mtu mmoja mmoja pembeni. Ana lugha nzuri, hana papara, na bima anaijua kwelikweli. Hapo ndipo anapowapata watu. Tumezoea tapeli anayebabaika ukimbana kwa maswali. Huyu ukimuuliza anakujibu mpaka unaridhika.

Aliyelizwa ni jirani yangu, dada mmoja anayeshona nguo nyumbani kwake. Amenipa ruhusa niandike. Wezi walivunja mlango wa nyuma wakati hayupo, wakabeba televisheni, kompyuta mpakato, cherehani mbili za umeme na vitambaa vya wateja. Alilia, lakini alijipa moyo kwa kuwa alikuwa na hati ya bima. Akaripoti polisi, akaichukua hati yake, nikamsindikiza hadi ofisi za kampuni. Mhudumu aliingiza namba ya bima kwenye kompyuta, akakaa kimya, kisha akatugeuzia kioo tusome wenyewe. Bima ilikuwepo. Jina lake, anwani yake. Chini pameandikwa: imefutwa kwa ombi la mteja. Tarehe ya kufutwa ilikuwa siku chache tu baada ya kukatwa, miezi kadhaa kabla ya wizi.

Mchezo wenyewe unachezwa hivi. Kampuni nyingi humpa mteja mpya muda wa kubadili mawazo. Uingereza, kwa mfano, kwa bima za aina hii ni siku 14. Ukijitoa ndani ya muda huo unarudishiwa ada yako, pengine wakikata kidogo kwa zile siku ulizokuwa na kinga. Ni haki nzuri ya mteja, na huyu mtu ameifanya mtaji. Anapokea kwako ada ya mwaka mzima. Anakwenda kwenye tovuti ya kampuni, anakata bima halali kwa jina lako, ila kwenye sehemu ya simu na barua pepe anaweka zake. Hati inatoka, anakutumia. Baada ya siku mbili tatu anaifuta, na pesa inarudi ilikotoka, yaani kwake. Ujumbe wa kuthibitisha kufutwa nao unaingia kwenye simu yake. Wewe unabaki na hati safi ya bima ambayo haipo tena.

Kwa hiyo ule ushauri wa siku zote, kwamba piga simu kampuni uulize kama bima ipo, hautoshi. Ukipiga siku ile ile utaambiwa ipo, na mhudumu atakuwa amekwambia kweli. Ongeza maswali mawili: simu na barua pepe zilizoandikwa kwenye kumbukumbu zenu ni zipi, na ada ililipwa kutoka akaunti au namba gani? Wengine hawatakusomea taarifa hizo kwa simu kwa sababu za usalama. Basi wewe ndiye uwatajie namba yako, wakwambie kama ndiyo iliyoandikwa. Kama siyo, wabadilishe hapo hapo. Halafu piga tena muda wa kubadili mawazo ukishapita. Hiyo simu ya pili ndiyo ambayo watu hawaipigi, na tapeli anategemea hivyo.

Namba ya kupiga usiichukue kwenye hati aliyokutumia yeye. Jirani yangu aliwahi kupiga namba ya huduma kwa wateja iliyokuwa kwenye hati yake, akapokelewa na mwanamke mwenye sauti ya upole, akahakikishiwa kila kitu kiko sawa. Tulipoiweka hati hiyo sambamba na nakala iliyochapwa na kampuni ndipo tukaona. Tarakimu za namba ya simu zilikuwa nyembamba kuliko maandishi yaliyozizunguka, na mstari wake ulishuka kidogo upande wa kulia. Kiasi cha kinga nacho kilikuwa kimeongezewa sifuri moja. Yaani hata kabla ya kufutwa, bima iliyokatwa ilikuwa ya sehemu moja ya kumi ya ile aliyoahidiwa. Kwenye kioo cha simu ya mkononi huwezi kuona hayo. Chapisha hati au ifungue kwenye kioo kikubwa, na uilinganishe na nakala uliyoiomba mwenyewe kampuni.

Kuna jambo jingine lililoniuma zaidi. Tuliomba kuiona fomu ya maombi iliyojazwa kwa jina lake. Ilisema nyumba ina mlinzi usiku, haina. Ilisema madirisha yote yana nondo, ya jikoni hayana. Ilisema hakuna biashara inayofanyika humo, na dada wa watu anashona mchana kutwa, jambo alilomweleza wakala waziwazi. Uongo huo uliwekwa ili ada ishuke, na ile tofauti akaiweka mfukoni. Sasa fikiria kama bima isingefutwa. Mkadiria hasara angekuja, angeona dirisha, angeona meza ya kukatia vitambaa, na kampuni ingekuwa na sababu ya kupunguza fidia au kukataa kabisa.

Hili la ukweli kwenye fomu si ukali wa kampuni moja. Mwaka 1766, Jaji Lord Mansfield wa Uingereza, katika kesi ya Carter v Boehm, alieleza kwamba mkataba wa bima unasimama juu ya nia njema kamili, kwa kuwa mwenye mali ndiye anayejua habari za mali yake na kampuni ya bima inategemea itakachoambiwa. Kanuni hiyo ilisambaa nchi nyingi. Uingereza wenyewe waliilegeza kwa mteja wa kawaida kwa sheria ya mwaka 2012, ambapo mteja anatakiwa kuchukua uangalifu wa kutosha anapojibu anachoulizwa, lakini hata huko uongo wa makusudi unaua bima. Kwa hiyo wakala akikwambia "niachie, nitakujazia mimi," mkatalie. Jaza mwenyewe, au akujazie ukiwa umekaa naye, usome kila jibu, utie saini mwishoni, uombe nakala. Usisaini fomu yenye nafasi wazi hata kama anakuharakisha namna gani.

Chambo chake ni bei. Anakuuliza umeambiwa ngapi kwingine, halafu anakushushia. Bima ya vitu vya ndani ina njia moja rahisi ya kuonekana nafuu bila kutengeneza hati yoyote ya uongo, nayo ni kupunguza thamani ya vitu vyako. Hata mawakala wenye leseni wapo wanaoifanya, ndiyo maana naieleza. Tuseme vitu vyako vyote kuvinunua upya ni 10,000,000. Wakala anakwambia kata ya 5,000,000 tu, kwani nyumba haiwezi kuibiwa yote. Siku ya siku unapoteza vitu vya 2,000,000, unadhani utalipwa vyote kwa kuwa havijafika hata nusu ya kinga. Lakini mikataba mingi ina kifungu kinachosema kama umekata nusu ya thamani, unafidiwa nusu ya hasara. Utalipwa 1,000,000, na humo bado wanatoa kile kiasi cha mwanzo ambacho kila mteja hujilipia mwenyewe. Wengi hulaumu kampuni kwa kudhulumu, kumbe kisu kilinolewa siku ile wakala aliposhusha bei.

Ukisikia pia ahadi ya kukata bima mbili kwenye kampuni mbili ili siku ya hasara ulipwe mara mbili, ondoka. Bima ya mali inakurudisha pale ulipokuwa kabla ya hasara, haikupi faida. Kampuni zikigundua kwamba ziko mbili zitagawana fidia moja, na kama ulificha, una kesi ya kujibu.

Kuchagua bima yenyewe kunataka muda. Zunguka chumba kwa chumba uandike kila kitu na bei ya kukinunua upya leo, si ile uliyonunulia zamani. Nguo, vyombo na magodoro ndivyo vinavyosahaulika, na ukivijumlisha vinashtua. Piga picha, nakili namba za utambulisho za vifaa vya umeme, weka risiti, na vyote hivyo vihifadhi nje ya nyumba au kwenye barua pepe yako, maana moto ukija hauachi daftari. Mpangaji, kumbuka bima ya mwenye nyumba wako ni ya jengo. Kuta na paa. Kitanda chako hakimo. Kama mnakaa watu wasio wa familia moja nyumba moja, uliza kama vitu vya kila mmoja vimo, na kama chumba lazima kiwe na kufuli lake.

Kisha omba mkataba mzima, si kipeperushi, uende moja kwa moja kwenye ukurasa wa mambo yasiyofidiwa. Huko ndiko utakuta kama wanalipa bei ya kitu kipya au wanakata uchakavu. Tofauti yake kwa televisheni ya miaka sita ni kubwa mno. Utakuta ukomo wa kitu kimoja kimoja, kwamba mkufu au kamera ikizidi kiasi fulani lazima itajwe kwa jina, la sivyo unalipwa ukomo tu. Wizi mara nyingi unahitaji dalili za kuvunja, hivyo mgeni akiiba au mlango ukiachwa wazi hulipwi. Nyumba ikikaa bila mtu kwa muda mrefu, mara nyingi siku 30 au 60 mfululizo, kinga ya wizi na ya maji yanayovuja inaweza kusimama. Simu na kompyuta unazotoka nazo mara nyingi hazikingwi nje ya nyumba mpaka uongeze kipengele hicho. Mafuriko uliza kwa jina lake. Na kama jirani yangu, ukiwa na vifaa vya kazi au mali za wateja ndani, sema. Bima ya kawaida ya nyumbani ama haivikingi kabisa ama inavikinga kidogo sana, na kipo kipengele cha kuongeza au bima ya biashara ndogo. Wakala mkweli angemwambia hivyo siku ya kwanza.

Kabla ya kulipa, hakiki leseni. Nchi nyingi zina mamlaka inayosimamia bima, na mamlaka hizo huweka orodha ya kampuni, mawakala na madalali waliosajiliwa. Tafuta jina lake humo, kisha ipigie kampuni uulize kama wanamtambua, kwa sababu wapo wanaotumia jina na namba ya leseni ya mtu mwingine. Ada ilipe kwenye akaunti ya kampuni, na jina linalotokea wakati wa kulipa liwe la kampuni. Likitokea jina la mtu binafsi, simamisha. Maelezo kwamba "mfumo uko chini leo, tuma kwangu niingize mimi" ndiyo aliyopewa jirani yangu. Risiti nayo itoke kampuni, si picha ya ujumbe wa simu.

Kama umeshalipa kwa mtu wa namna hii, usimpigie kwanza yeye. Ukimshtua atafuta mazungumzo na kuzima simu. Anza kwa kuhifadhi kila ujumbe, sauti, tangazo na uthibitisho wa malipo mahali pengine nje ya hiyo simu. Halafu ipigie kampuni kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, uulize hali ya bima yako na uombe maelezo kwa maandishi, pamoja na nakala ya fomu ya maombi. Kama ulilipa leo au jana, ijulishe benki au mtandao wa simu uliotumia mara moja, kwa kuwa wakati mwingine pesa huzuiwa kabla haijatolewa. Ripoti polisi upate namba ya kumbukumbu, peleka malalamiko kwa mamlaka ya bima, na uiulize kampuni kwa maandishi kama mtu huyo amewahi kuwa wakala wao. Kama amewahi, au bado yuko, uwezekano wa kampuni kuwajibika kwa aliyoyafanya kwa jina lao ni mkubwa zaidi, na jibu hilo utalihitaji mkononi.

Jirani yangu bado anafuatilia lake. Na kama nyumba yako haina bima sasa hivi kwa sababu ya mtu huyu, usingoje kesi iishe. Kata nyingine leo, kwenye kampuni yenyewe, kwa simu yako na barua pepe yako.