Makazi ya wazee Tanga: huduma njema, ukaguzi hafifu

Kila Ijumaa humtembelea babu mmoja, jirani yetu wa zamani wa Ngamiani, katika makazi ya wazee ya hapa Tanga. Chumba chake ni kisafi, kina chandarua na dirisha linalopitisha upepo wa bahari, na wahudumu humwamkia kwa shikamoo kabla ya kumpa uji. Kasoro iko kwenye usimamizi. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inayachukulia makazi ya aina hii kuwa hatua ya mwisho kwa mzee asiye na wa kumtunza, kwa hiyo hakuna ndugu atakayelalamika kwa niaba yake. Ila daftari la wakaguzi nililoonyeshwa (kwa ukarimu, nakiri) lina sahihi moja tu, na choo bado hakina kishikio.