Kuchaji gari la umeme nyumbani: pesa ya kwanza ipeleke kwenye waya

Gari la umeme likishatoka bandarini, mwenye gari huanza kuulizia chaja kubwa ya ukutani. Ningekuwa karibu yake ningemwambia asubiri kwanza. Kinachoamua kama utalala usingizi gari likichaji ni waya uliomo ukutani na arthi iliyochimbiwa nje, yaani njia ya kupeleka ardhini umeme unaovuja. Nimezipanga njia nne kwa nyumba ya kawaida ya Dar es Salaam, yenye umeme wa fezi moja.

1. Laini ya peke yake na chaja ya kubebeka ya ampea 16

Hii ndiyo ningeinunua leo. Fundi anavuta waya kutoka swichi kuu hadi unapoegesha, anaupa sakiti breka yake, na mwisho anafunga soketi ya viwandani ya ampea 16, ile ya bluu yenye mfuniko. Unapata kilowati 3.7. Anayekaa Mbezi na kufanya kazi Posta hafikishi kilomita 60 kwa siku, na gari kama Nissan Leaf hapo hula uniti 10 hivi. Linapokea 3.7 zote? Zinarudi kwa saa tatu. Linapokea 3 tu? Ongeza saa moja hivi.

Waya wa milimita 4 unatosha, lakini weka wa 6. Siku ukitaka chaja ya ukutani hutabomoa plasta tena. Na chaja yenyewe iwe na kitufe cha kushusha ampea, maana jioni umeme ukiwa mdogo utakihitaji.

2. Chaja ya ukutani ya ampea 32

Inatoa kilowati 7.4. Nzuri kwa mwenye magari mawili au betri kubwa. Lakini Leaf nyingi za Japani hupokea kilowati 3 tu kwa umeme wa nyumbani, nyingine 6, kwa hiyo hakikisha gari lako kabla ya kulipa. Tazama na mdomo wa gari, pale plagi ya chaja inapoingia: la Japani huwa na matundu matano, la Ulaya saba. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la China nayo yana saba, ila plagi yake ni nyingine na haiingiliani na ya Ulaya.

3. Soketi ya kawaida ya ukutani

Ya kuvukia tu, na usizidishe ampea 10. Mimi nilianza hivi. Fundi alikata plagi ya Kijapani ya waya wa kuchajia akafunga ya pini tatu, na waya ule huvuta hadi ampea 15. Usiku wa tatu harufu ya plastiki ilifika chumbani. Nilipochomoa, pini ya laivu ilikuwa kahawia na soketi imevimba kuzunguka tundu lake. Watoto walikuwa wamelala chumba cha pili. Waya wa ekstensheni ndio usiguse kabisa.

4. Fezi tatu

Waachie wenye hoteli na karakana.

Sasa arthi. Chaja ikikosa arthi huwasha taa nyekundu na kukataa kazi, na kuna mafundi watakaokuambia "tuunganishe tu na nyutro". Mkatalie papo hapo. Nyutro ikikatika kwenye nguzo, bodi nzima ya gari inaweza kuwa na umeme, na anayeshika mlango ni mwanao. Chimba nondo ya arthi, fundi aipime kwa mita mbele yako, na afunge breka ya kuzuia shoti (RCD) ya aina A, ile inayokata umeme ukivuja. Mwombe pia akuoneshe leseni yake ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji.

Upande wa LUKU, umeme wa kulipia kabla, kama uko kwenye mita ya bei nafuu ya uniti 75 kwa mwezi, gari litakutoa humo ndani ya wiki moja au mbili. Piga hesabu kwa bei ya kawaida, ambapo shilingi 10,000 inatoa uniti 28. Safari ile ya Mbezi na Posta inakuja kama 3,600 kwa siku, na bado ni nafuu mno kuliko petroli.

Usiku wa kwanza usiende kulala mapema. Chaji saa moja, kisha gusa plagi kwa mgongo wa mkono. Uvuguvugu ni sawa. Ikikuunguza, zima kwenye breka kwanza, ndipo uchomoe, na fundi arudi asubuhi.