Ziara ya Miguu ya Wachoraji St Ives: Je, Inalipa?

Haya watazamaji wangu, karibuni tena. Hapa nilipo ni St Ives, Cornwall, kusini-magharibi kabisa mwa Uingereza, na upepo mnausikia wenyewe. Leo nachambua ziara ya miguu, ile ya kuongozwa, inayozunguka mitaa ya wachoraji. Mwenye haraka aondoke na jibu sasa hivi: ziara hii ina kitu kimoja ambacho sijakikuta kwenye ziara nyingine ya aina hii, na kwa ajili ya kitu hicho peke yake ningelipa tena. Mengine yana kasoro, na nitayasema.

Historia naipitia mbio, maana wengi mnaijua. Wavuvi wa sadini, reli ikafika 1877, samaki wakapungua, wachoraji wakaja wakakuta maghala matupu karibu na maji. Wachoraji Whistler na Sickert walikuwa hapa majira ya baridi ya 1883 kuingia 1884. Basi, inatosha.

Sasa njooni nami hapa Back Road West. Kijia chembamba, ukipanua mikono unakaribia kugusa kuta zote mbili. Kwenye nyumba moja ya mtaa huu alikaa Alfred Wallis. Mzee huyu alikuwa baharia, baadaye akawa ananunua na kuuza vyuma chakavu, kamba na matanga makuukuu. Mkewe alifariki 1922, akabaki mpweke, na alipokaribia miaka 70 akaanza kuchora. Hakusomea popote. Mwaka 1928 wachoraji wawili, Ben Nicholson na Christopher Wood, walipita hapa, mlango uko wazi, wakaona picha zake ukutani. Wakasimama.

Ziara nyingi zingeishia hapo: hapa alikaa fulani, haya twende. Mwongozaji wetu akafungua mkoba wake, akatoa nakala za picha zilizovalishwa plastiki, akampa kila mmoja ya kwake. Akasema msiziangalie sasa, tushuke bandarini kwanza.

Nasogeza kamera, kaeni nami hapa, hii ndiyo sehemu yenyewe. Hii mkononi mwangu ni bandari kama alivyoichora Wallis. Na pale nyuma ni bandari yenyewe. Lile gati refu linaitwa Smeaton's Pier, lilijengwa kati ya 1767 na 1770. Angalieni picha: boti ni kubwa kuliko nyumba! Nyumba zimeinama, hii huku, hii kule. Mtu akiiona kwenye simu atasema mtoto kachora.

Sasa naishika picha usawa wa macho, natembea kuelekea kwenye mnara wa taa. Angalieni gati. Hapa naona ubavu wa ndani tu. Natembea... natembea... sasa ule wa nje ndio unaanza kujitokeza, wa ndani unapotea. Rudini kwenye picha. Mzee kaweka pande zote mbili kwa pamoja! Hakuna mahali pa kusimama hapa utakapoziona zote mbili hivi. Alichora bandari kama baharia anayeijua kwa kuizunguka, kwa kuingia na kutoka na boti. Na kilichokuwa na uzito kwake ndicho alichokipa nafasi kubwa, kwa hiyo boti lazima ziwe kubwa. Jamani, nimeziona picha za Wallis vitabuni miaka nenda rudi, na hapa kwenye gati ndipo zilipofunguka.

Na angalieni kona hizi. Alichorea kadibodi za maboksi ya dukani, anazikata anavyotaka, upande mmoja mrefu, mwingine mfupi, kisha anaipangilia picha ifuate umbo hilo. Rangi zake ni zile za kupakia boti: kijani, kahawia, nyeupe, nyeusi, kijivu. Hapa chini hakupaka kitu, kadibodi yenyewe ndiyo mchanga. Mwongozaji alituacha hapa kimya muda mrefu, kila mtu na picha yake, watu wanatembea mbele na nyuma. Huo ndio ufundi ninaoulipia.

Linganisha na ile ziara ya sauti ya kupakua kwenye simu na kuweka masikioni, ambayo wengi mliniuliza. Ni rahisi, sauti ni safi, lakini inakwambia geuka kushoto, geuka kulia, tarehe juu ya tarehe. Haikulazimishi kuangalia. Na wale mnaotaja Newlyn, mji mwingine wa wavuvi na wachoraji huku Cornwall, sawa, mchoraji Stanhope Forbes na wenzake walifanya kazi nzito kule, nami nitafika. Ila pale lazima uipende michoro ya watu kwanza. Hapa hata asiyejali sanaa atanaswa.

Tulipofika Porthmeor Studios nilifurahi tena. Juu wachoraji, chini wavuvi na nyavu zao, jengo moja, hadi leo. Studio namba 5 alikuwa nayo Nicholson tangu 1949, Patrick Heron akaichukua 1958. Madirisha makubwa yanatazama kaskazini, baharini, kwa hiyo jua halimpigi mchoraji usoni na mwanga haubadiliki ovyo. Hilo mwongozaji alilieleza vizuri sana.

Kero sasa. Kundi lilikuwa kubwa mno kwa vijia hivi. Mwongozaji akitazama bahari anapoongea, maneno yote yanachukuliwa na upepo, sisi wa nyuma tunaona mdomo unacheza tu. Kipaza sauti kidogo cha shingoni kingemaliza tatizo. Halafu, na hili limeniudhi kweli, nyumbani kwa mchongaji Barbara Hepworth tulisimama nje! Trewyn Studio, alipofanyia kazi tangu 1949 hadi alipofariki kwa moto humo humo 1975. Bustani ina sanamu zake pale alipoziweka mwenyewe, karakana ina vifaa vyake na makoti yake ya kazi yametundikwa. Tukaelezwa haya yote tukiwa upande wa pili wa ukuta. Tiketi unakata mwenyewe, baadaye. Basi tangazo la ziara liseme hivyo waziwazi, mtu apange bajeti yake.

Mimi nililipa pauni 15. Ukiongeza tiketi ya Hepworth na ya Tate St Ives, jumba la sanaa lililofunguliwa 1993 juu ya ufukwe wa Porthmeor, familia ya watu wanne inaumia. Mwenye fedha ya kitu kimoja tu? Asubuhi niliwaandikia kwenye ukurasa wa chaneli kwamba aende Hepworth. Baada ya kuzunguka leo nasema achukue ziara, kisha apande mwenyewe makaburi ya Barnoon, hayana kiingilio. Kaburi la Wallis liko pale, limefunikwa vigae alivyotengeneza mfinyanzi Bernard Leach: mtu mdogo na fimbo yake anaingia mlango wa mnara wa taa, na maandishi yanasema msanii na baharia. Alifia kwenye makao ya umma ya kutunzia maskini, kijijini Madron, 1942, na leo picha zake ziko kwenye makumbusho makubwa. Hilo linaniuma kila ninapolisema.

Viatu: vya soli inayoshika, mawe yanateleza. Chakula msikile mkitembea, shakwe wa hapa wanapokonya mkononi mchana kweupe. Nafasi ikatwe mapema, na ombeni ya asubuhi, kundi linaweza kuwa dogo.

Habari za chaneli: tumefika mbali kwa michango yenu, na kipaza sauti kipya kinakuja, upepo huu hamtausikia tena. Video ijayo ni Leach Pottery, karakana ya ufinyanzi aliyoianzisha Leach na Shoji Hamada mwaka 1920. Ambaye hajajisajili ajisajili, na mwenye swali kuhusu vilima na wazee wenye magoti mabovu aliandike hapo chini, naanza kujibu usiku huu.